Kifaa cha afya kinachosubiri ukiulize, na kile kinachosema kabla hujauliza: kipi kinakufaa?

Anayetafuta kifaa cha kupimia afya yake huanza na maswali ya betri, kioo na orodha ya vipimo. Maswali hayo ni halali. Lakini wasikilize waliokwisha kukaa na vifaa hivi miezi kadhaa: hawasimulii betri. Mmoja atakuambia amepata usingizi tangu mashine ya presha iingie nyumbani, kwa sababu hakai tena akijiuliza hali yake ikoje. Mwingine atakuambia saa janja aliyopewa zawadi imemzoesha kuusikiliza moyo wake usiku kucha, na sasa hajui namna ya kuacha. Wa tatu alibandika kihisi cha sukari kwenye mkono, kikamrahisishia maisha, kisha akaanza kuvaa mikono mirefu ili asiulizwe maswali. Nalinganisha hayo hapa: kifaa kipi humwachia mtu hisia gani, na kwa hiyo nani achukue kipi.

Nimeviweka pande mbili. Upande wa kwanza ni vifaa vya kupima ukiamua mwenyewe: mashine ya presha yenye mkanda wa mkononi, mashine ya sukari ya kutoboa kidole, kipima oksijeni cha kubana kidole, kipimajoto. Vinakaa kimya hadi uvishike. Upande wa pili ni vya kuvaa au kubandika, ambavyo hupima mchana na usiku na kukutumia arifa: saa janja, pete janja, kihisi cha sukari cha kubandika. Kwa maoni yangu, tofauti ya pande hizi ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya kampuni na kampuni, kwa sababu inahusu nani anayeanzisha mazungumzo, wewe au kifaa.

Presha na mapigo ya moyo

Tuanze na mashine ya presha, maana ndiyo inayowafaa watu wengi zaidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Ugonjwa huu hauna dalili za kutegemea. Mtu anaumwa kichwa na kudhani ni presha, mwenzake hajisikii lolote na kudhani yuko salama, na wote wawili wanaweza kuwa wamekosea. Mashine inaondoa kubahatisha huko. Tena kuna watu ambao presha yao hupanda wakimwona tu mhudumu wa afya, na kuna wengine ambao kliniki iko sawa lakini nyumbani iko juu. Vipimo vya nyumbani ndivyo vinavyowatenganisha hawa na wale. Ndiyo maana miongozo ya Ulaya inaihesabu presha kuwa ya juu kuanzia 140/90 kwa vipimo vya kliniki, lakini 135/85 kwa wastani wa vipimo vya nyumbani.

Mashine hii nayo ina mtego wake. Unapima, unaona 150, unashtuka, unapima tena papo hapo, unaona 158, unashtuka zaidi. Kushtuka kwenyewe kunapandisha presha, na jioni inafika ukiwa umejipima mara kumi na tano huku huna namba hata moja ya kumpelekea daktari. Kinachookoa hapa ni utaratibu. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo, na nusu saa kabla yake usiwe umekunywa kahawa, kuvuta sigara au kufanya mazoezi. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi na jioni, kwa siku 7, kisha toa wastani ukiiacha siku ya kwanza. Baada ya hapo mashine inarudi kabatini. Mtu mwenye wasiwasi anapata hapo kitu ambacho kifaa cha kuvaa hakimpi hata siku moja: kupima kunakuwa na mwisho.

Saa janja ni habari nyingine. Chini yake kuna taa ndogo, mara nyingi ya kijani, inayomulika ngozi. Damu inapojaa na kupungua kwenye mishipa kwa kila pigo, kiasi cha mwanga unaorudi hubadilika, na saa husoma mapigo hapo. Nguvu yake ni kukamata kisichojitokeza mbele ya daktari. Moyo unaopiga bila mpangilio, ile hali iitwayo fibrilesheni ya atria, unaweza kuja kwa saa mbili na kuondoka bila mtu kujua, na ukiachwa hivyo unaongeza hatari ya kiharusi. Kipimo cha dakika moja kliniki kinaweza kuukosa kabisa, lakini saa iliyo mkononi siku nzima ina nafasi nzuri ya kuukuta.

Utafiti mkubwa uliofanywa na Chuo Kikuu cha Stanford kwa saa za Apple, uliochapishwa mwaka 2019, unaeleza vizuri jambo hili linavyokwenda. Washiriki walizidi 419,000. Waliopata arifa ya mapigo yasiyo na mpangilio walikuwa asilimia 0.52 tu, kwa walio chini ya miaka 40 ilikuwa asilimia 0.16, na kwa wenye miaka 65 na zaidi ilikuwa asilimia 3.1. Walioarifiwa walitumiwa kifaa cha kubandika kifuani cha kurekodi moyo kwa siku kadhaa. Kati ya 450 waliokirudisha kikiwa na rekodi ya kutosha, asilimia 34 walikutwa na fibrilesheni. Wengine huisoma namba hiyo kama ushahidi kwamba saa hudanganya theluthi mbili ya nyakati, na hapo wanakosea, kwa sababu hali hii huja na kwenda, na kifaa cha kifuani kilivaliwa siku nyingi baada ya arifa. Arifa ilipotokea mtu akiwa amevaa vyote viwili kwa wakati mmoja, rekodi ya kifuani iliunga mkono saa kwa asilimia 84.

Sasa jiweke mahali pa yule aliyepata arifa usiku, akasubiri kifaa, akakivaa, kisha akaambiwa hakikuona kitu. Je, amepona? Hakuwa mgonjwa? Au ugonjwa ulikuwa umepumzika tu? Hali hiyo ya kuning'inia ndiyo gharama isiyoandikwa kwenye boksi. Mwaka 2022 jopo la Marekani linalotoa mapendekezo ya uchunguzi wa kinga lilisema ushahidi bado hautoshi kupendekeza au kukataa kuwachunguza watu wasio na dalili kwa ajili ya hali hii. Na utafiti wa Marekani wa mwaka 2024 uliowahusu watu ambao tayari wanayo ulikuta kwamba wenye vifaa vya kuvaa walishughulishwa zaidi na dalili zao, na karibu mmoja kati ya watano alipatwa na hofu kali kutokana na arifa.

Kwa hiyo nikiulizwa baina ya hivi viwili: mtu wa miaka 65 anayehisi moyo kurukaruka mara chache kwa mwezi, saa inamfaa na ningemhimiza. Kijana mwenye afya ambaye tayari ana tabia ya kutafuta ugonjwa mtandaoni kila akipata maumivu, saa yenye arifa za moyo itamtesa. Huyo apime presha yake kwa utaratibu mara chache kwa mwaka, na inatosha.

Sukari: hapa kifaa kisichonyamaza kinashinda

Nimeonekana kuvitetea vifaa vya kimya, lakini kuna mahali ambapo siwezi. Mtu anayeishi kwa insulini hana anasa ya kusubiri hadi akumbuke kupima. Sukari yake inaweza kushuka akiwa usingizini, na mashine ya kutoboa kidole haiwezi kumwamsha. Wanaoitumia hiyo wanajua vidole vinavyouma, wanajua kuamka usiku wa manane na sindano ndogo, na wazazi wa watoto wenye kisukari aina ya 1 wanajua kulala nusu usingizi miaka na miaka. Kihisi cha kubandika, kinachokaa mkononi au tumboni siku 10 hadi 15, kinapiga kengele sukari ikishuka na kinaweza kutuma namba hadi kwenye simu ya mzazi aliye chumba kingine. Nafuu wanayoisimulia watu hawa inatokana na kugawana ulinzi: aliyekuwa akikesha peke yake sasa ana kinachomsaidia kukesha.

Kina uchovu wake pia. Kengele zikilia mno, mtu huanza kuzizima bila kuzisoma. Gundi huwasha ngozi za baadhi ya watu. Na kuna jambo ambalo kila anayeanza anapaswa kuelezwa mapema, kwa sababu asipoelezwa atadhani kifaa ni kibovu: kihisi hakipimi damu, kinapima majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi, na sukari ya huko huifuata ile ya damu kwa kuchelewa kati ya dakika 5 na 15 hivi. Sukari ikiwa inapanda au kushuka kwa kasi, kidole na kihisi vitatoa namba mbili tofauti, na vyote viwili vitakuwa vinasema kweli. Mwili ukikuambia kitu ambacho namba haisemi, toboa kidole. Mashine ya zamani haistaafu.

Kwa asiye na kisukari mambo yanageuka. Tangu mwaka 2024 Marekani imeruhusu vihisi vya aina hii kuuzwa bila cheti cha daktari kwa watu wazima wasiotumia insulini, na wapo wanaovibandika kwa udadisi. Sukari ya mtu mzima kiafya hupanda baada ya kula na kushuka yenyewe, ndivyo mwili unavyofanya kazi. Lakini ukiiangalia ikipanda kwenye mchoro mwekundu kila baada ya mlo, ni rahisi kuanza kuogopa kula vitu visivyo na kosa. Sijaona sababu ya kumshauri mtu huyo akinunue.

Na kuna kundi la tatu ambalo halipaswi kuingia kwenye ulinganisho wowote: saa na pete zinazodai kupima sukari bila kugusa damu wala kutoboa ngozi. Februari 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha hata kimoja cha namna hiyo. Mtu akichoma insulini kwa kufuata namba ya kubuni anaweza kupoteza fahamu, na anaweza kufa. Tafadhali, ukimwona nduguyo mwenye kisukari amevaa kifaa cha namna hiyo, zungumza naye leo.

Kuamini namba

Imani ikivunjika, kifaa huishia droo. Na imani huvunjika mtu anapogundua kwamba kifaa kilitengenezwa bila kumfikiria yeye. Kipima oksijeni cha kidoleni ndicho mfano unaouma zaidi. Msingi wake uliwekwa na mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kimeokoa maisha yasiyohesabika. Lakini kinapitisha mwanga kwenye ngozi, na rangi ya ngozi hubadilisha kinachosomwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uliwaangalia wagonjwa ambao kifaa kilionyesha oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, yaani hali isiyotisha. Vipimo vya damu vilipochukuliwa, karibu asilimia 12 ya wagonjwa weusi walikuwa kweli chini ya asilimia 88, ikilinganishwa na chini ya asilimia 4 ya wagonjwa weupe. Kwa mwenye ngozi nyeusi, maana yake ni hii: namba nzuri kwenye kidole isikuzuie kwenda hospitali kama unahema kwa shida. Fuata mwelekeo wa namba zako mwenyewe siku hadi siku kuliko namba moja peke yake, na pumzi iwe na neno la mwisho.

Taa za saa janja nazo husumbuliwa na michoro ya wino kwenye ngozi, mkanda uliolegea na mkono unaotikisika. Saa zinazodai kupima presha bila mkanda hazijafikia kiwango ambacho Jumuiya ya Ulaya ya Shinikizo la Damu inaweza kuzipendekeza kwa kutambua ugonjwa au kurekebisha dawa. Katika hili mashine ya mkanda iko mbele, mradi iwe ya mkono wa juu na mkanda uenee mkono wako. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa kwa kosa la kitambaa.

Usingizi na hatua

Usingizi nitaupitia haraka, kwa sababu uamuzi wangu ni mwepesi. Saa na pete hukadiria usingizi kwa mtikisiko na mapigo. Hatua halisi za usingizi hupimwa kwa nyaya zinazosoma mawimbi ya ubongo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walieleza habari za wagonjwa waliokuwa wakilala vibaya zaidi kwa kuhangaikia alama za kifaa, na ambao waliendelea kuamini alama hizo hata maabara ilipoonyesha walilala vyema. Kama huna shida ya kulala, alama haitakuongezea kitu. Kama unayo, alama inaweza kuizidisha.

Kuhesabu hatua kuna furaha ya kweli, hasa kwa mtu anayeanza. Anayegundua kwamba anatembea kidogo kuliko alivyodhani hupata cha kukishika. Shida ni ile 10,000 inayowekwa kuwa lengo la siku. Haikutoka maabara, ilitoka kwenye jina la kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Utafiti wa mwaka 2019 uliowafuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000 ulikuta waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wa hatua 2,700, na faida iliacha kuongezeka karibu na 7,500. Ni wangapi wamelala na hatia kwa sababu ya hatua 6,800 ambazo zilistahili pongezi? Ukichukua kifaa cha hatua, badilisha lengo siku ya kwanza kabisa.

Wala usikinunue ukitarajia kipunguze uzito peke yake. Jaribio la miezi 24 lililochapishwa mwaka 2016, kwa vijana 471 waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito, lilimalizika na waliopewa kifaa cha kuvaa wakiwa wamepungua kilo 3.5 kwa wastani, na wasiopewa kilo 5.9.

Nani mwingine anaona

Mashine ya presha haionekani na mtu. Saa inaonekana lakini haisemi wewe ni mgonjwa, na hiyo ni sehemu kubwa ya kupendwa kwake. Kihisi cha sukari kinaonekana na kinasema. Wapo wanaokivaa waziwazi na kukifanya mlango wa mazungumzo, wapo wanaochoka kuwa somo la kila mtu. Hisia zote mbili ni za haki, na mtu asilazimishwe ujasiri. Ikiwa bado hujawa tayari kujieleza, uliza kama kihisi kinaweza kubandikwa tumboni badala ya mkononi, kwa kuwa hilo hutegemea aina.

Macho mengine ni ya kampuni. Namba za mashine ya kawaida hubaki ndani yake au kwenye daftari lako. Za saa husafiri. Januari 2018 iligundulika kwamba ramani ya mazoezi ya programu ya Strava ilikuwa inaonyesha njia za kukimbilia ndani ya kambi za kijeshi, na hakuna askari aliyekusudia hilo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi lenye ulinzi wa pekee, lakini Marekani sheria ya siri za matibabu inawabana watoa huduma na bima, na kwa kawaida haiifikii kampuni iliyokuuzia saa. Ikiwa ugonjwa wako ni jambo ambalo hata ndugu hawalijui, upande wa vifaa vya kimya ni salama zaidi.

Macho ya tatu ni ya familia, na hapa ndipo ugomvi mwingi hutokea. Mwana anamnunulia mama yake saa yenye kutuma mapigo na mahali alipo, kwa upendo kabisa, na mama anajihisi amewekewa mlinzi. Muulize kabla ya kulipa. Mkubaliane arifa ipi imfikie nani, usiku nani anapiga simu, na nini kisitumwe kabisa. Mzee akikataa saa, mashine ya presha yenye namba kubwa na sauti inaweza kumpa usalama uleule bila kumvua heshima yake.

Na kama bado huna hakika kuhusu cha kuvaa, azima cha rafiki kabla ya kutoa pesa. Kifute taarifa za mwenyewe, zima arifa zote isipokuwa ile iliyokufanya ukitake, kisha kaa nacho wiki mbili. Angalia unakigeukia saa ngapi na kwa sababu gani. Ukikuta unakitazama ukiwa na jambo la kuamua, kama dawa, mazoezi au safari ya kliniki, nunua. Ukikuta unakitazama ili kutuliza moyo na moyo hautulii, kirudishe, umwambie daktari kuhusu wasiwasi huo wenyewe, maana nao unatibika.